Mipangilio ya Programu za Umma Ihifadhiwe Wapi?

Ikisiri

Makala hii inachunguza mahali panapofaa kuhifadhiwa mipangilio ya programu zinazotumiwa na taasisi za umma. Kwa kurejelea mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, inadai kwamba swali la kwanza si umbo la faili, bali ni nani anayepaswa kubadilisha mpangilio fulani na nani asiyepaswa hata kuuona.

1.0 Utangulizi

Kila programu ina sehemu mbili. Kuna kanuni za utendaji zilizoandikwa na watayarishaji wake, na kuna mipangilio, yaani thamani ambazo kila anayeisimika huijazia kulingana na mazingira yake: anwani ya hifadhidata, nywila, lugha ya skrini, saa ya kutengeneza nakala ya akiba. Kanuni husafiri kutoka nchi moja hadi nyingine bila kubadilika. Mipangilio ni mali ya pale ilipo. Kwa hiyo taasisi inapopokea programu iliyoandikwa kwingine, kilicho chake hasa, ukiacha data, ni mipangilio. Hata hivyo, hati ya zabuni inayoeleza kwa kina idadi ya seva na siku za mafunzo yaweza isiulize kabisa mipangilio hiyo itakaa wapi.

2.0 Faili, Rejista na Maumbo Yake

Mifumo endeshi ya jamii ya Unix ilishikilia tangu zamani faili za maandishi ya kawaida, ambazo nyingi hukusanywa katika saraka ya /etc. Windows nayo ilitumia faili za aina hiyo, lakini toleo la 3.1 la mwaka 1992 lilileta rejista, na kuanzia Windows 95 rejista hiyo ikawa ghala kuu la mipangilio ya mfumo na ya programu. Ghala moja hurahisisha ugawaji wa haki za kusoma na kuandika. Tatizo hujitokeza siku ya kuhama: mipangilio ya programu moja imetawanyika miongoni mwa mingine mingi, wala haitoshi kunakili faili moja na kuondoka nayo.

Faili ya maandishi husomwa na yeyote mwenye ruhusa. Aidha, inaweza kuwekwa katika mfumo wa kutunza matoleo kama vile Git, ambao huonyesha nani alibadilisha mstari gani na lini. Kwa mkaguzi, sifa hii ina thamani kubwa kuliko kasi au wepesi wa matumizi.

Umbo la faili lina uzito mdogo zaidi, ingawa halipuuziki. JSON hairuhusu maelezo ya pembeni, kwa hiyo afisa hawezi kuandika kando ya thamani sababu ya kuichagua. YAML inayaruhusu, lakini katika toleo lake la 1.1 neno NO lisilowekwa ndani ya alama za kunukuu husomwa kuwa ni jibu la kukanusha, na hivyo msimbo wa nchi ya Norwei hupotea. Misimbo ya nchi zetu haina bahati mbaya hiyo; hatari yetu iko kwenye namba za simu. Namba inayoanza na sifuri, isiyo na tarakimu 8 wala 9, ikiandikwa bila alama za kunukuu huchukuliwa kuwa ni hesabu ya kizio cha nane na kugeuzwa kuwa namba nyingine kabisa. TOML, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Tom Preston-Werner, huepuka mtego huo kwa kulazimisha kila matini iwe ndani ya alama za kunukuu.

3.0 Siri

Nywila ni mpangilio pia, ila haiwezi kukaa pamoja na mingine. Mwaka 2016 wavamizi waliingia katika hazina ya siri ya msimbo ya kampuni ya Uber kwenye GitHub, wakakuta humo ufunguo wa kufikia hifadhi ya data, na taarifa za watu milioni 57 zikachukuliwa. Ikumbukwe kwamba kufuta nywila katika toleo jipya la faili hakuiondoi katika historia inayotunzwa na Git. Nywila ya namna hiyo lazima ibadilishwe.

Wahandisi wa Heroku walipendekeza mwaka 2011, katika mwongozo wao uitwao Twelve-Factor App, kwamba mipangilio inayotofautiana kutoka usimikaji mmoja hadi mwingine iwekwe katika vigeu vya mazingira. Kipimo chao ni kizuri: je, msimbo ungeweza kutangazwa hadharani leo bila kufichua siri yoyote? Dawa yenyewe ina upungufu, kwani vigeu hivyo hurithiwa na kila programu ndogo inayoanzishwa na programu kuu, na mara nyingine huchapishwa katika ripoti za hitilafu.

4.0 Mfano wa DHIS2

DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ilianza kutumika kitaifa nchini Kenya mwaka 2011, na baadaye Uganda, Rwanda na Tanzania. Mipangilio yake imegawanywa mara mbili. Faili ya dhis.conf hubeba anwani na nywila ya hifadhidata pamoja na nywila ya usimbaji, na husomwa seva inapowashwa. Mengineyo, kama vile lugha ya mfumo, seva ya barua pepe, njia za kutuma ujumbe mfupi na ratiba za kazi za usiku, hukaa ndani ya hifadhidata yenyewe na hubadilishwa kupitia skrini na msimamizi asiyehitaji kuingia kwenye seva.

Mgawanyo huu ni wa busara, kwa kuwa unafuata mipaka ya madaraka: fundi wa seva ana faili lake, afisa wa wizara ana skrini yake. Lakini una matokeo mawili ambayo mshauri wa sera anapaswa kuyafahamu. La kwanza ni kwamba nakala ya hifadhidata peke yake si nakala kamili. Nywila ya usimbaji ikipotea pamoja na seva iliyoungua, thamani zote zilizosimbwa kwayo hazirudi tena, hata kama hifadhidata imetunzwa salama.

La pili ni zito zaidi. Mafundi wanaponakili hifadhidata ya kazi ili kuanzisha seva ya majaribio, wananakili pia njia za kutuma ujumbe na ratiba zake. Seva hiyo ikipewa nywila ileile ya usimbaji na ikiachwa na mtandao wazi, zoezi la mafunzo linaweza kumfikishia mgonjwa halisi ujumbe kuhusu kliniki ambayo hakuiomba. Hapo taasisi itakabiliana na sheria za ulinzi wa data zilizopitishwa Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022.

5.0 Yanayopaswa Kudaiwa

Haifai sera kuamuru umbo moja kwa programu zote. Maumbo huchakaa upesi kuliko waraka wa serikali. Kinachofaa ni mkandarasi atakiwe kukabidhi orodha ya kila mpangilio, mahali ulipo, cheo cha anayeruhusiwa kuubadilisha, na namna badiliko linavyoacha alama. Mipangilio iliyo ndani ya hifadhidata iweze kutolewa kama maandishi, ili ya leo ilinganishwe na ya mwaka jana. Siri zitunzwe kando, nakala yake ikiwa mikononi mwa maafisa wawili wa taasisi, si katika kompyuta ya fundi wa mkataba.

Na kabla ya malipo ya mwisho, watumishi wa taasisi wapewe seva tupu na nakala za akiba, wausimamishe mfumo upya wenyewe, mkandarasi akiwa nje ya chumba.