Fundo la Kumshika Sangara

Mkazi wa Nakaloke aendaye Jinja kumvua sangara wa mto Nile huhitaji nyuzi mbili: mshipi uliosukwa, mwembamba wenye nguvu, na kipande cha nailoni nene karibu na ndoana, kwa kuwa kinywa cha sangara hukwaruza kama tupa. Hasara hutokea katika kiungo. Mshipi uliosukwa huteleza. Fundo la kawaida huachia, na kitoweo cha watoto kikaenda zake.

Ajifunzaye na afunge kila uzi juu ya mwenzake, mshipi mizunguko 8, nailoni 4, kisha avute mafundo yakutane. Mwenye subira ausuke mshipi juu ya nailoni iliyonyooka, huku na huku, mara 20. Fundo hilo jembamba hupita katika pete za fimbo bila kukwama, ingawa gizani ni adha kulifunga. Lote liloweshwe kabla ya kukazwa. Nailoni kavu huungua kwa msuguano.