Gari Lililosimama Nalo Lihesabiwe: Maegesho ya Kando ya Barabara Ndani ya Kompyuta



Kila anayeingia Arusha asubuhi akitokea Tengeru, Sakina au Kisongo anajua adha ya foleni. Mara nyingi lawama huelekezwa kwa wingi wa magari yanayotembea. Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia magari yasiyotembea: yale yaliyoegeshwa kando ya barabara, mbele ya duka, zahanati na shule, na tuseme ukweli, mbele ya makanisa yetu siku ya Jumapili.

Tumechagua somo hili kwa sababu kamati za parokia zilizo kando ya barabara kubwa hualikwa kwenye vikao vya wadau, na wafadhili hupokea maandiko ya miradi ya barabara. Kote huko siku hizi huonyeshwa picha za kompyuta zenye vigari vidogo vinavyotembea. Picha hizo hupendeza, na mjumbe asiyejua zimetengenezwaje huona aibu kuuliza. Lakini uamuzi unaotokana nazo humgusa mama anayeuza ndizi kando ya lami, mgonjwa aliye ndani ya gari la wagonjwa na mtoto anayevuka kwenda shule. Ni haki yetu kujua picha hizo zinasema nini na zinanyamazia nini.

Hali ya Arusha

Mito Themi na Naura hushuka kutoka Mlima Meru kuelekea kusini na kuukata mji. Anayetoka mashariki kwenda magharibi hana budi kuvuka kwenye madaraja machache, na magari mengi hukutana hapo. Katikati ya mji, kuanzia Mnara wa Saa hadi Soko Kuu, maduka yamesimama pande zote mbili za mitaa na nafasi ya kutanua ni ndogo. Wakati huo huo watu wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 617,631. Hilo ni ongezeko la karibu nusu kwa miaka kumi.

Serikali imefanya kazi kubwa. Barabara ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, ilipanuliwa kuwa ya njia nne, na ikajengwa barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 ili magari ya safari ndefu yasilazimike kupita mjini. Hata hivyo barabara ya njia nne hubaki ya njia nne pale tu zote zinapopitika. Siku ya soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, magari ya mizigo yakisimama kwenye njia ya nje kupakia ndizi, upande huo unabaki na njia moja. Lami ipo, lakini haitumiki kwa kupita.

Kompyuta huigaje barabara?

Ziko programu kadhaa za kuiga mwendo wa magari. Vissim, ya kampuni ya PTV ya Karlsruhe nchini Ujerumani, hulipiwa. SUMO, iliyotengenezwa na Kituo cha Anga cha Ujerumani, hutolewa bure tangu mwaka 2001, hivyo chuo au shirika dogo laweza kuitumia. Tutaitolea mfano hiyo ya pili.

Programu huanza na ramani ya barabara, ambayo yaweza kuchukuliwa bure kutoka OpenStreetMap, ramani ya watu wote iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Kisha huingizwa magari. Kwa kila sekunde moja programu hupitia gari moja moja na kuliuliza: uko wapi, aliye mbele yako yuko wapi, uongeze mwendo au ufunge breki? Kwa vipimo vyake vya kawaida gari dogo lina urefu wa mita 5, na likisimama huacha mita 2.5 kwa la mbele. Hivyo kila gari kwenye foleni huchukua mita 7.5.

Kosa la kwanza hutokea hapa. Ramani hueleza barabara inapita wapi, lakini mara nyingi haielezi nani anaegesha wapi, saa ngapi na kwa muda gani. Asipokuwepo mtu wa kuiambia, kompyuta huona kando ya barabara ni kweupe. Matokeo yake huonekana mazuri kuliko hali halisi. Au foleni ikionekana, lawama yote huangukia upana wa barabara, na jibu linakuwa moja tu: tanueni.

Namna tatu za kusimamisha gari

Ndani ya programu gari laweza kusimama kwa namna tatu, na mtaalamu ndiye anayechagua.

Ya kwanza ni kusimama ndani ya njia. Walio nyuma husubiri, au huhama kama kuna njia nyingine. Hivi ndivyo daladala inavyoshusha abiria mahali pasipo na kituo cha kuchepukia.

Ya pili ni kusimama nje ya njia. Gari hutoka barabarani na halimzuii yeyote, kama lililoingia ndani ya uzio wa parokia.

Ya tatu ni eneo la maegesho lenye idadi maalumu ya nafasi. Zikijaa, gari laweza kuagizwa kwenda kutafuta nafasi kwingine, na huko kutafuta nako huongeza msongamano. Profesa Donald Shoup wa Marekani, aliyefariki mwaka 2025, alitumia maisha yake kueleza jambo hili. Katika mtaa mmoja wa biashara wa Los Angeles alikadiria kuwa madereva waliotafuta maegesho walizunguka maili 950,000 kwa mwaka, ndani ya eneo la vipande 15 tu vya mji. Kwetu pia, anayezunguka Soko Kuu mara tatu akitafuta pa kuegesha huhesabika kama magari matatu.

Tofauti kati ya namna ya kwanza na ya pili si ndogo. Tuchukue mfano wa kubuni. Barabara ina njia moja kila upande, na magari 10 hupita kwa dakika. Daladala ikisimama ndani ya njia kwa sekunde 90, na hakuna nafasi ya kuipita, magari 15 hukusanyika nyuma yake. Kwa mita 7.5 kila moja, foleni ina urefu wa zaidi ya mita 112. Kama kuna kivuko cha shule mita 80 nyuma, foleni imekwisha kukifunika. Daladala ikiondoka, magari huanza kutoka takriban moja kila sekunde 2, huku mengine yakiendelea kuja, na foleni huchukua sekunde 45 zaidi kwisha. Kusimama dakika moja na nusu kumevuruga barabara kwa zaidi ya dakika mbili. Daladala ya pili ikisimama kabla ya hapo, foleni hurefuka. Mtaalamu akiiandika daladala hiyo hiyo kwa namna ya pili, foleni yote hii haionekani kabisa kwenye picha.

Jambo jingine ni kuingia na kutoka. Kwa kawaida programu huliingiza gari kwenye nafasi yake mara moja. Sisi tunajua dereva anayerudi nyuma kati ya magari mawili, huku kijana akimwelekeza kwa mkono, anavyosimamisha njia nzima. Programu inao uwezo wa kuhesabu muda huo, lakini ni lazima mtu auwashe.

Yale ambayo picha haisemi

Yapo mambo mengine ambayo kamati inafaa kuyafahamu.

Gari lililokwama. Kwa mpangilio wa kawaida wa SUMO, gari lisiloweza kusogea kwa sekunde 300 huondolewa mahali pake na kuwekwa mbele zaidi, ili zoezi lote lisikwame. Ni mbinu ya kiufundi yenye sababu zake, lakini foleni mbaya kuliko zote yaweza kufichika hivyo. Mgonjwa aliye ndani ya foleni halisi hana wa kumrusha mbele.

Bodaboda na bajaji. Kwa kawaida kila chombo huhesabiwa kuwa kimeshika upana wote wa njia, hivyo bodaboda husubiri nyuma ya gari lililosimama kama lori. Ili ipenye kama inavyopenya hapa kwetu, njia lazima igawanywe kuwa vipande vyembamba. Programu pia lazima iambiwe kuwa Tanzania tunaendesha upande wa kushoto.

Waenda kwa miguu. Wasipoingizwa, hawapo. Magari yakijaza ukingo wa barabara, watu hutembea juu ya lami, lakini kompyuta haiwaoni.

Ajali. Hili ndilo zito kuliko yote. Kanuni ya kawaida ya mwendo katika SUMO humfanya kila dereva aweze kusimama kabla ya kumgonga aliye mbele. Dereva wa kompyuta hasinzii, halewi wala hasomi ujumbe wa simu. Kwa hiyo picha isiyo na ajali haithibitishi kuwa barabara ni salama. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha kisheria maeneo ya makazi, hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto anayejitokeza nyuma ya gari lililoegeshwa karibu na kivuko huonekana akiwa karibu kuliko hapo. Foleni yaweza kupungua na hatari ikaongezeka, kwa kuwa magari sasa yanakimbia.

Kabla ya kompyuta, daftari

Habari njema ni kwamba kinachokosekana zaidi hakihitaji mashine ghali. Vijana wawili wenye daftari na saa wanaweza kukikusanya. Jijini Dar es Salaam, kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi na wakazi walishiriki kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko. Watu wa kawaida wakielekezwa vizuri hutoa taarifa za kuaminika.

Kwa kamati itakayopenda kujaribu, utaratibu ni huu. Gawanyeni barabara vipande kwa alama zinazojulikana, kwa mfano mti, daraja au lango. Kila baada ya dakika 15 piteni mkiandika aina ya chombo kilichosimama, kiko ndani au nje ya njia, na tarakimu za namba yake bila herufi, ili mjue kimekaa muda gani. Andikeni pia sababu inayoonekana: kushusha mgonjwa, kupakia mzigo, kusubiri abiria. Msiandike majina ya watu, na tarakimu zifutwe hesabu ikikamilika. Fanyeni hivyo siku ya kawaida, siku ya soko na Jumapili.

Orodha kama hiyo ikiingizwa kwenye programu, kompyuta inakuwa msaada wa kweli. Yaweza kulinganisha mambo kabla ya fedha kutumika: vipi tukiweka kituo cha kuchepukia daladala? Vipi nafasi mbili mbele ya zahanati zikitengwa kwa kusimama dakika 10 tu? Vipi upakiaji wa ndizi ukihamia upande wa pili wa soko? Pengine itaonekana kuwa vibao viwili na makubaliano na madereva vinatosha, na hakuna kibanda cha kubomolewa.

Tunachowaomba

Kamati zetu, mkionyeshwa picha ya kompyuta, ulizeni maswali matano. Magari yaliyoegeshwa yalihesabiwa na nani, na siku gani? Yamesimama ndani au nje ya njia? Muda wa kuingia na kutoka umehesabiwa? Ni magari mangapi yaliyokwama yakaondolewa na programu? Waenda kwa miguu wamo? Mtaalamu mwema atafurahi kuulizwa.

Wafadhili wetu, andiko la mradi likija na kifungu kidogo cha kuhesabu magari, tunaomba msikione kuwa ni anasa. Kuhesabu kwa siku tatu ni gharama ndogo ukilinganisha na kurudia lami iliyowekwa mahali pasipofaa.

Na sote tuanzie nyumbani. Jumapili, ibada ya kwanza ikitoka na ya pili ikiingia, magari yetu hujaa pande zote za barabara, na gari la wagonjwa likitokea halipiti. Hatuwezi kumnyoshea kidole muuza ndizi kabla ya kufungua uwanja wa shule ya parokia kwa ajili ya magari yetu wenyewe, na kumweka mzee wa kanisa langoni.

Katika Injili ya Luka sote tunaufahamu mfano wa mjenzi wa mnara: hesabu hutangulia ujenzi.