Gari Litetemekapo
Gari lenye shehena, lipandapo mlima Kitonga katika njia ya Iringa, huweza kushikwa na tetemeko ambalo dereva hulihesabu kuwa ni ugonjwa mmoja, ilhali dalili hiyo yaweza kuletwa na maradhi mawili yasiyo na nasaba: moja ni uhaba wa petroli, na jingine ni la propela, yaani mhimili mrefu upelekao nguvu za injini kwenye difu.

Swali la kwanza, nalo kwa rai yangu lina faida kuliko chombo chochote cha kupimia, ni kama tetemeko hilo laifuata injini au layafuata magurudumu. Katika njia tambarare iliyo tupu (si katika mteremko abadan, maana huko gari lililo nyutro ni janga), dereva aufikie mwendo ule ule wa taabu, kisha atoe gia. Tetemeko likikoma, aghalabu kosa li upande wa injini. Likibaki, injini haina hatia. Nasema aghalabu, kwa sababu krosi, yaani kiungo cha propela, iliyolika nayo huweza kutulia pindi iondolewapo mzigo.

Hesabu humsaidia fundi zaidi. Ikiwa mzunguko mmoja wa tairi ni mita 2, na difu hudai mizunguko 4 ya propela kwa mmoja wa tairi, basi katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa tairi huzunguka mara 12.5 kwa sekunde, na propela mara 50. Tairi lisilo sawa hutikisa usukani. Propela iliyopinda huvuma chini ya miguu. Na krosi zilizokaa vibaya huvuma mara 100. Krosi, kiungo alichokieleza Robert Hooke wa Uingereza mwaka 1676, ina tabia ya ajabu: ikipinda digrii 10, shafti ya kwanza ikizunguka sawasawa mara 3,000 kwa dakika, ya pili huharakisha hadi 3,046 na kulegea hadi 2,954, mara mbili katika kila mzunguko. Ndiyo sababu krosi huwekwa mbili, ya pili ikifuta kosa la ya kwanza. Na fundi aichomoaye propela ya meno pasipo kuitia alama, kisha akairudisha ikiwa imepishana jino moja au mawili, huuharibu mlingano huo kwa mikono yake mwenyewe.

Petroli haina mambo mengi. Injini nyingi za nozeli hutaka msukumo wa baa 3 hivi, lakini geji isomwayo gari likiwa limesimama hudanganya, kwa kuwa filta iliyoziba hupitisha kiasi kinachoitosha injini isiyo na kazi. Sharti itazamwe gari likivuta mzigo. Mpira mwembamba wa regyuleta ukichomolewa ukakutwa na petroli ndani, ngozi ya ndani ya regyuleta imetatuka. Na kama injini ikizimwa geji hushuka papo hapo hadi sifuri, basi vali ya pampu au nozeli mojawapo inavuja, na mwenye gari bila shaka amekwisha kuona jinsi linavyosumbua kuwaka asubuhi.