Filamu ipo, watazamaji je? Ruzuku za filamu za makala Njombe na Makambako (Sehemu ya Kwanza)

Mwaka 1935 lori lililobeba projekta, jenereta na santuri lilianza safari kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, kwenda kuwaonyesha filamu watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona picha ikitembea. Mradi huo uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulidumu hadi 1937, ukatengeneza filamu 35 na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Sauti ilitoka kwenye santuri ili lugha iweze kubadilishwa kulingana na watazamaji. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka Carnegie Corporation ya New York. Kwa lugha ya leo, ule ulikuwa mradi wa ruzuku wa kupeleka filamu kwa wananchi.

Filamu mojawapo ilihusu akiba ya posta. Vibarua wawili wa shambani wanapokea mshahara. Mmoja anafukia fedha zake ardhini na mwizi anazichimbua. Mwenzake anaziweka posta, zinabaki salama. Nyingine zilizungumzia kodi, minyoo ya safura na mmomonyoko wa udongo. Waafrika waliigiza na kusaidia kuendesha mitambo, lakini uamuzi wa nini wafundishwe ulikuwa mikononi mwa wageni, wakiongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Ruzuku ilipokwisha, serikali za kikoloni hazikukubali kuubeba mradi. Ukafa.

Lori lile liliacha maswali mawili. Nani alisema watazamaji wanahitaji filamu hii? Na fedha zikiisha, nani ataendelea? Takribani miaka 90 baadaye, maswali hayohayo yamo, kwa maneno tofauti, katika fomu za wafadhili wengi wa filamu za makala. Kijana wa Njombe au Makambako anayeketi kuandika andiko la mradi atakutana nayo kabla hajafika kwenye jedwali la bajeti.

Njombe haina uhaba wa habari za kurekodi. Mkoa huu uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012 una Yakobi, misheni iliyoshambuliwa wakati wa Vita vya Majimaji mwaka 1905. Una mashamba ya miwati ya Kibena yaliyoanzishwa mwaka 1949, chai ya Luponde na Lupembe, na parachichi zilizobadili maisha ya wakulima wengi katika miaka ya karibuni. Makambako ina stesheni ya reli ya TAZARA na njia panda ambako barabara ya Songea inaachana na ile ya kwenda Mbeya na Zambia. Vijana wenye kamera wapo, na wasio nayo wana simu zinazorekodi picha safi.

Tatizo huanzia kwenye andiko. Kurasa nne zinaeleza kamera, taa, maikrofoni na droni, watazamaji wanapata mstari mmoja: "Filamu itarushwa YouTube na kwenye runinga." Mfadhili anayesoma mstari huo hajui ni nani hasa atakayeiona, ataionea wapi, wala atafanya nini baada ya kuiona. Ameombwa kununua vifaa.

Wafadhili wenyewe hawafanani, na kuwachanganya ni njia ya haraka ya kukosa. Docubox ya Nairobi, iliyoanzishwa na mtengenezaji filamu Judy Kibinge mwaka 2013, inasaidia watengenezaji wa filamu za makala wa Afrika Mashariki. IDFA Bertha Fund ya Amsterdam, ambayo mizizi yake ni mwaka 1998, inatazama nchi za Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na kwingineko ambako fedha za filamu ni haba. Hawa huanza na filamu na mtengenezaji wake. Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni wa UNESCO unaangalia sekta nzima: sera, mafunzo, masoko. Ruzuku yake inaweza kufika dola 100,000, lakini mwombaji awe taasisi, apite kwanza kwenye mchujo wa Tume ya Taifa ya UNESCO, na aandike kwa Kiingereza au Kifaransa. Kwa waandishi wa habari, Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, TMF, ulianza kutoa ruzuku mwaka 2008 na kuwasaidia wengi kufuata habari za vijijini. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa serikali unajulikana zaidi kwa mikopo. Mkopo hurejeshwa, na filamu inayoonyeshwa bure kwenye uwanja wa shule haina kiingilio cha kulipia marejesho.

Mifano mitatu inaonyesha kinachowavuta wafadhili kwenye suala la watazamaji.

Wa kwanza uko Pwani ya Kenya. Filamu ya The Letter, ya Maia Lekow na Chris King, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 2019. Inamfuata Karisa, kijana anayerudi kijijini kutoka Mombasa baada ya bibi yake kutuhumiwa uchawi. Nyuma ya tuhuma hizo kuna ndugu wanaoutolea macho urithi wa ardhi. Kenya iliipeleka kuwania Oscar, lakini safari yenye uzito zaidi kwa mada hii ni ile ya kurudi nyumbani: filamu ilipelekwa kwenye jamii za Pwani, ikaonyeshwa, na watu wakazungumza juu ya wazee wao. Watazamaji hao walijulikana mapema. Ni familia zinazoishi na mgogoro uleule.

Wa pili uko Lesotho. Mradi wa STEPS for the Future ulianza mwaka 2001, ukatengeneza filamu kuhusu maisha na VVU kusini mwa Afrika. Nchini Lesotho, vijana wanaoishi na virusi waliomo kwenye filamu walizunguka nayo vijijini. Picha zikimalizika, mtu aliyekuwa kwenye turubai anasimama mbele ya watazamaji na kujibu maswali yao. Safari hizo nazo zikawa filamu, Ask Me, I'm Positive, ya Teboho Edkins, iliyotoka mwaka 2004. Kwa Njombe mfano huu hauko mbali. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima wa mkoa huu ni asilimia 12.7, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Andiko la Njombe kuhusu VVU linalosema tu "tutaelimisha jamii" litapitwa na lile linaloeleza nani atasimama baada ya filamu, amefundishwa na nani, na mtazamaji anayetaka kupima usiku ule ataelekezwa wapi.

Wa tatu uko kwenye barabara ileile ya Njombe, ukiendelea hadi Songea. The Empty Grave, ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, ilizinduliwa kwenye tamasha la Berlin Februari 2024. Inafuatilia familia za Kitanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyochukuliwa na kupelekwa Ujerumani, ikiwamo familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa amefika Songea na kuomba msamaha. Filamu kama hiyo ina hadhira mbili: Mjerumani ambaye huenda hakufundishwa historia hiyo shuleni, na Mtanzania anayeidai. Andiko lake haliwezi kuwa na mpango mmoja wa maonyesho.

Sasa uchukuliwe mfano wa kubuni wa nyumbani. Kikundi cha vijana wa Makambako kinataka kutengeneza filamu kuhusu manamba, wanaume wa Njombe waliokwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Habari ni ya kweli na ina kina. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Njombe ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotegemewa kwa nguvukazi hiyo. Mtafiti James D. Graham aliandika tasnifu, mwaka 1968, juu ya kazi ya ujira katika wilaya ya Njombe kati ya 1931 na 1961. Walioandikishwa wakiwa vijana miaka ya 1950 sasa wana miaka themanini na zaidi. Sababu ya kuomba fedha mwaka huu badala ya miaka mitano ijayo inajieleza yenyewe.

Kikundi kianze na watazamaji, kisha kirudi nyuma hadi kwenye kamera. Hadhira ya kwanza ni familia za manamba wenyewe, katika vijiji ambako wazee wanafahamiana kwa majina na kwa mashamba waliyofanyia kazi. Ya pili ni wanafunzi wa sekondari, ambao babu zao walikata mkonge bila wao kujua. Ya tatu ni vijana wanaoondoka leo kutafuta vibarua mijini. Kila moja ina mahali pake, saa yake na mazungumzo yake.

Mahali na saa ni hesabu ya hali ya hewa. Mvua za Njombe huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, hivyo uwanja wa wazi hautegemewi. Juni na Julai baridi ni kali, baadhi ya asubuhi umande huganda, na mzee wa miaka 85 hatakaa nje hadi saa tatu usiku. Agosti hadi Oktoba ni miezi mikavu, lakini Makambako ina upepo uliowavutia hata wawekezaji wa umeme. Shuka jeupe lililofungwa kwenye miti miwili linajaa kama tanga la jahazi. Picha inayumba, uso wa msimuliaji unakunjika. Andiko zuri litasema onyesho litafanyika ndani ya ukumbi wa parokia au bwalo la shule, au kwenye ukuta wa ghala uliopakwa chokaa, kuanzia saa moja jioni giza likishaingia. Mfadhili akisoma hivyo anajua mwandishi amefika mahali hapo.

Kibanda umiza nacho kihesabiwe. Kina skrini, spika, mabenchi na mwenyeji anayejua usiku upi ni mtupu. Usiku wa Simba na Yanga usahauliwe. Vibanda hivi vina wataalamu wao, madijei wanaosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kundi la Ajabu Ajabu la Dar es Salaam limewatengenezea filamu ya makala, Apostles of Cinema. Tamasha la ZIFF la Zanzibar nalo lina utaratibu wa kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, ushahidi kwamba onyesho la kijijini linaweza kuwa sehemu rasmi ya programu.

Baada ya filamu, mjadala uwe na mwezeshaji anayelipwa posho na mwenye maswali matatu au manne yaliyoandaliwa. Wazee wengine watachangia kwa Kibena, na hilo liruhusiwe. Sauti ya mjadala inaweza kuhaririwa na kupelekwa kwenye redio za mkoa, kama Uplands FM au Kings FM za Njombe, ambako itawafikia wasioweza kufika ukumbini. Hapo swali la uendelevu linapata jibu la kueleweka: nakala zinabaki shuleni na kwenye ofisi ya utamaduni, na redio ina kipindi cha kurudia.

Sheria isiachwe mwishoni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali cha kupiga picha, na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Afisa utamaduni wa halmashauri ndiye mlango wa kwanza, na barua yake ikiambatanishwa inamwonyesha mfadhili kwamba mradi hautazuiwa njiani. Shirika lisilo la kiserikali likipata ruzuku inayozidi shilingi milioni 20, kanuni za 2018 zinalitaka liwasilishe mkataba kwa Msajili na Hazina ndani ya siku kumi. Kwa filamu inayogusa afya ya mtu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusika. Ridhaa ya mhusika iandikwe, isomwe kwa lugha anayoielewa, na imtajie maonyesho ya kijijini kwake. Mtu anaweza kukubali kuonekana Amsterdam na akakataa kuonekana Makambako.

Soko la ruzuku lenyewe limetikisika. Nchini Marekani, mfuko wa taifa wa humanitia, NEH, ambao kwa miaka mingi umefadhili filamu na vipindi vya redio kwa sharti kwamba wanazuoni washirikishwe, ulifuta ruzuku zaidi ya elfu moja Aprili 2025. Mwaka huohuo shirika la misaada la USAID lilifungwa, na mashirika mengi ya Afrika Mashariki yaliyolitegemea yakabaki yakigombea mifuko michache iliyosalia. Ushindani umekuwa mkali kwa mwombaji mdogo, na mchango wa nyumbani umepanda thamani. Ukumbi wa bure, projekta ya shule au dakika za redio zisizolipiwa ni fedha halali katika andiko, mradi ziwe na barua na zikadiriwe kwa bei ya kukodi ya hapohapo.

Sharti la NEH la wanazuoni linafaa kuigwa hata pale lisipodaiwa. Kikundi cha Makambako kikiwa na mwanahistoria mmoja wa chuo kikuu aliyesoma tasnifu ya Graham, kitajua pa kuanzia kuwahoji wazee na kitarekebishwa mapema pale simulizi na kumbukumbu za ofisi zinapopishana. Mshauri huyo atajwe kwa kazi anayoifanya na siku atakazolipwa. Jina lililowekwa kama pambo msomaji mzoefu hulitambua.

Sehemu ya Pili, wiki ijayo, itachukua andiko hilihili la manamba na kulipitia kwenye bajeti: mafuta ya jenereta, posho, vibali, tafsiri ya Kibena, akiba ya dharura, na ripoti ambayo mfadhili ataidai baada ya onyesho la mwisho.