Dawa za Moyo: "Kupunguza Damu" au "Kuzuia Damu Isigande"?

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa wafasiri, yako yanayohusu neno moja tu. Lakini neno hilo likikosewa, hasara yake hupita ile ya kitabu kizima kilichofasiriwa vibaya. Tuliwahi kuletewa tuhakiki kijikaratasi cha maelezo kwa wagonjwa wa moyo. Ndani yake dawa iitwayo warfarini ilielezwa kuwa ni "dawa ya kupunguza damu". Mfasiri hakuwa mzembe. Alilifuata jina la mitaani la lugha ya kigeni, ambalo kwa wenyewe lina maana ya kuifanya damu iwe nyepesi. Lakini katika Kiswahili "upungufu wa damu" ni jina la ugonjwa, na kila mama aliyepata kuhudhuria kliniki ya wajawazito analijua na kuliogopa. Mgonjwa akiambiwa kwamba kidonge anachopewa kinapunguza damu, ni nani atakayemlaumu akikitupa? Na akikitupa, huenda akapatwa na kiharusi.

Kwa sababu hiyo tumeonelea vema kuieleza mada hii kwa urefu kidogo, ili wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wapate msingi wa kuchagua maneno.

1. Dhana kabla ya neno

Kanuni ya kwanza ya uundaji wa istilahi ni kuijua dhana kabla ya kulitafuta neno. Moyo wa binadamu una vyumba vinne: viwili vya juu vinavyoipokea damu, na viwili vya chini vinavyoisukuma. Katika hali ya afya, vyumba vya juu hujikaza kwa pamoja, kisha vya chini hufuata. Katika ugonjwa tunaouzungumzia, vyumba vya juu huacha kujikaza kwa pamoja. Nyuzi za misuli yake hutukutika kila moja kwa njia yake, na mapigo yanayofika kwenye vyumba vya chini hayana mpangilio, na mara nyingi huwa ya haraka mno. Wakati huo damu hutuama katika vyumba vya juu, na damu inayotuama huweza kuganda, mfano wa maziwa yaliyoachwa kibuyuni. Donge la damu likichomoka na kufika ubongoni, huziba mshipa. Hicho ndicho kiharusi. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huongeza uwezekano wa kupatwa na kiharusi karibu mara tano.

Wako wauitao "mpapatiko wa moyo". Neno ni zuri, maana humkumbusha msikilizaji ndege apapatikaye. Lakini upo ugonjwa mwingine wa jirani, ambamo vyumba hivyo hivyo hupiga upesi mno ila kwa mpangilio, kama mabawa ya ndege yanavyopiga. Huo ndio unaostahili jina la mpapatiko. Kwa ule usio na mpangilio tunapendekeza "mtukutiko wa vyumba vya juu vya moyo", kutokana na kitenzi tukutika. Mtoto mtukutu hatulii wala hafuati utaratibu, na ndivyo ilivyo misuli hiyo. Neno "presha" lisitumike hapa. Presha ni shinikizo la damu, nalo, ingawa ni moja ya vyanzo vya mtukutiko, si mtukutiko wenyewe.

2. Kazi tatu, majina matatu

Dawa za ugonjwa huu hufanya kazi tatu mbalimbali, na kosa linalotokea mara nyingi katika tafsiri ni kuzichanganya zote kwa kuziita "dawa za moyo".

(a) Dawa za kupunguza kasi ya mapigo. Hizi haziondoi mtukutiko. Huzuia tu vyumba vya chini visipige upesi mno. Humo zimo bisoprololi, metoprololi na atenololi, ambazo huhitaji hadhari kwa mtu mwenye pumu. Zimo pia verapamili na diltiazemu, ambazo hazimfai mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika katika kusukuma damu. Ya tatu ni digoksini, dawa kongwe inayotokana na mmea wa jamii moja na ule ambao tabibu Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785. Kipimo chake kifaacho na kipimo chake kidhuricho viko karibu sana, hasa kwa mtu mwenye figo dhaifu. Kwa hiyo nukta moja ikikosewa katika tarakimu, yaweza kuwa hatari.

(b) Dawa za kurudisha mpangilio wa mapigo. Hizi hujaribu kuurejesha moyo katika upigaji wake wa kawaida na kuudumisha humo. Humo zimo amiodaroni, flekainidi, propafenoni na sotaloli. Amiodaroni ina nguvu, lakini ina madini ya aidini, na huweza kudhuru tezi ya shingo, mapafu na ini. Mgonjwa hana budi kupimwa mara kwa mara. Flekainidi na propafenoni hazipewi mtu ambaye mishipa ya moyo wake imeziba au moyo wake umedhoofika.

(c) Dawa za kuzuia damu isigande. Hizi haziugusi upigaji wa moyo hata kidogo. Kazi yake ni kumkinga mgonjwa na kiharusi.

Yafaa mfasiri aangalie sana viunganishi. Daktari huweza kuchagua kundi la kwanza au la pili, au kuyatumia yote mawili. Lakini kundi la tatu si badala ya hayo. Huenda pamoja na lolote kati yao, endapo mgonjwa yumo katika hatari ya kiharusi. Utafiti uitwao AFFIRM, uliotolewa mwaka 2002, uliwafuatilia wagonjwa 4,060 na haukuona kwamba kurudisha mpangilio kuliwaongezea wagonjwa maisha kuliko kupunguza kasi. Uliona pia kwamba viharusi vingi viliwapata wale walioacha kuzuia damu isigande, au waliopata kinga isiyotosha. Baadaye, mwaka 2020, utafiti mwingine wa wagonjwa 2,789 ulionyesha kwamba kurudisha mpangilio mapema, katika mwaka wa kwanza wa ugonjwa, kuna manufaa. Hata hivyo nao haukuifuta haja ya kundi la tatu. Basi penye "pamoja na" pakiandikwa "au", kosa hilo si la sarufi tu.

3. Warfarini na dawa zilizoifuata

Katika kundi la tatu ndimo mgonjwa anamokutana na uchaguzi mgumu zaidi. Warfarini ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya, kisha mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu huko Marekani. Jina lake lenyewe ni somo kwa waundaji wa istilahi, maana sehemu yake ya kwanza ni herufi za mwanzo za taasisi ya Wisconsin iliyougharimia utafiti wake. Dawa hii ni ya bei nafuu na imezoeleka, na katika mtukutiko hupunguza viharusi kwa karibu theluthi mbili. Lakini mgonjwa hupaswa kupimwa damu mara kwa mara, ili kipimo cha kuganda kikae kati ya 2 na 3. Kikishuka, kinga hupungua. Kikipanda, damu huweza kuvuja. Dawa nyingine huibadili nguvu yake: rifampisini ya kifua kikuu huipunguza, na metronidazo huiongeza. Kadhalika mboga za majani, kama mchicha na kisamvu, zina vitamini K inayoipinga. Hapa tumeona tafsiri zinazosema "usile mboga za majani". Hilo ni kosa. Linalotakiwa ni kula kwa kiasi kisichobadilika-badilika.

Kuanzia mwaka 2010 zilikuja dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani na edoksabani. Hizi hazihitaji kipimo hicho cha mara kwa mara, hazisumbuliwi na mboga, na husababisha uvujaji wa damu ubongoni kwa uchache kuliko warfarini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Hata hivyo zina masharti yake. Bei yake imekuwa kubwa kuliko ya warfarini. Figo lazima zichunguzwe. Na kwa kuwa nguvu yake hudumu kwa saa chache, mgonjwa anayeruka dozi hubaki bila kinga upesi.

Tena, mpya si lazima iwe bora kwa kila mtu. Mwenye vali ya bandia ya chuma hutumia warfarini. Na mwaka 2022 utafiti uitwao INVICTUS, uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 ambao moyo wao uliharibiwa na homa ya baridi yabisi, uliona kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walifariki kwa uchache kuliko waliotumia rivaroksabani. Ugonjwa huo wa vali bado uko kwetu. Kwa hiyo anayefasiri maandishi ya nchi zisizokuwa nao tena asiichukulie dawa mpya kuwa ndiyo jibu la wote.

Ama aspirini, wengi huidhania kuwa inatosha. Haitoshi, na haipendekezwi tena kuwa kinga ya kiharusi katika mtukutiko. Isiwekwe katika orodha moja na dawa hizo.

4. Mapendekezo yetu

Kwanza, jina la jumla la kundi la tatu liwe "kizuia-mgando", wingi "vizuia-mgando". Kila mtu anayajua maziwa ya mgando. Neno halina ugeni. Katika maandishi ya mgonjwa litanguliwe na maelezo: "dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya mwili". "Dawa ya kuyeyusha damu" tunaikataa, kwa sababu ziko dawa nyingine ziyeyushazo donge lililokwisha kuganda, nazo hutolewa hospitalini kwa dharura.

Pili, tuseme "kasi ya mapigo" na "mpangilio wa mapigo". "Mwendo" uachwe, maana msomaji atauchanganya na kasi. Neno "wizani" lina haki yake katika ushairi, lakini si la kumpa mgonjwa dirishani pa dawa.

Tatu, "maudhi madogo madogo" yasitumike kwa kuvuja damu. Kichefuchefu ni maudhi. Kinyesi cheusi kama lami, au kichwa kinachouma ghafla baada ya kuanguka, ni dalili ya hatari, na iandikwe hivyo.

Nne, "mara moja kwa siku" isifupishwe kuwa "mara moja", kwani "imeze mara moja" ina maana ya kuimeza sasa hivi. Apiksabani na dabigatrani humezwa mara mbili kwa siku. Rivaroksabani humezwa mara moja kwa siku pamoja na chakula.

Tano, katika makala kama hii majina ya dawa huweza kutoholewa. Lakini katika cheti cha daktari na juu ya kisanduku yaandikwe kwa tahajia ya kimataifa, herufi kwa herufi, ili mwuza dawa asikosee.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ni ya mwisho. Neno hujaribiwa mbele ya mtu analolihusu. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu walioko hospitalini na mashuleni wamsomee mgonjwa au mwanafunzi maelezo haya, kisha wamwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe dawa hiyo inafanya kazi gani. Akijibu kwamba inazuia damu isigande, neno limefanya kazi yake. Akijibu kwamba inammaliza damu, basi kosa ni letu, na tuandikiwe tulirekebishe.