Mgonjwa wa Kiharusi Asiachwe Kulala Upande Mmoja

"Mwacheni apumzike, msimsumbue." Maneno haya nimeyasikia katika nyumba nyingi huku kwetu Pwani, mgonjwa wa kiharusi akisharudishwa kutoka hospitali. Husemwa kwa mapenzi, lakini ndiyo yanayomtia mgonjwa vidonda.

Mwenye afya hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hawezi, na pengine hata hahisi kwamba anaumia. Nyama hubanwa baina ya mfupa na godoro, damu haipiti, na masaa yakizidi nyama hufa. Mara nyingi kidonda huanzia ndani, kikitokeza juu tayari pana shimo.

Mimi namuuguza mamangu. Wauguzi walitufundisha tumgeuze kila baada ya masaa 2, mchana na usiku: upande mzima, chali, kisha upande uliopooza. Upande huu wengi huuogopa. Unafaa, bora bega lisogezwe mbele kwa upole asiulalie mkono. Akilala ubavu tunamwinamisha kiasi cha nyuzi 30 na mto mgongoni, asilalie mfupa wa nyonga. Mto mwingine huwa baina ya magoti. Akiwa chali, tunaweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro.

Msimburute. Watu wawili wamnyanyue kwa shuka aliyoilalia, kwani kumburuta huchubua ngozi, na kumvuta mkono uliopooza huweza kuteguza bega.

Joto letu nalo ni adui. Plastiki ikiwa chini yake hufungia jasho, basi juu yake tandikeni shuka ya pamba na muibadilishe kila ikilowa. Akijikojolea, aoshwe na akaushwe kwa upole.

Kila mnapomgeuza, tazameni kisogo, mabega, viwiko, mfupa wa mkia, nyonga, vifundo na visigino. Ngozi nyeusi huenda isionyeshe wekundu, kwa hivyo tafuteni pahali palipozidi weusi, penye joto au pagumu kuliko pembeni. Mkipaona, asipalalie tena, na mwiteni muuguzi mapema. Msipakande kwa mafuta ya nazi, maana nyama ya chini imeshadhoofika. Wala msimkalishe juu ya kata ya nguo au mpira wa duara, hivyo hubana damu pembeni.

Kazi hii haiwezi kuachiwa binti mmoja wa nyumba, kama ilivyo desturi yetu. Masaa 2 usiku kucha humvunja mtu. Kwetu tumebandika karatasi ukutani yenye saa, upande na jina la mwenye zamu, wanaume wakiwemo. Na wageni wakija kumjulia hali, baada ya dua tunawaomba watushikie shuka tumgeuze kabla hawajaondoka.