Tusiizike Ibra Pamoja na Maiti



Wapenzi wasomaji, juma hili kalamu yetu iko mbali na bahari. Tunaandika kutoka Lodwar, mji ulio kando ya mto Turkwel, na fikira zetu zikielekea Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120 upande wa kaskazini-magharibi. Huku nako wako ndugu zetu Waislamu: wafanyabiashara, walimu, madereva, na familia za wakimbizi wa Kisomali na wengineo waliopata hifadhi katika kambi ya Kakuma iliyoanzishwa mwaka 1992. Na huku nako, kama ilivyo Lamu, Malindi na Mombasa, mama hulala nusu usingizi akingojea mlango ugongwe na mwanawe arejee salama. Tumeona tuzungumze juu ya mlango huo.

Turkana ni ardhi ya wakimbiaji. Mwaka 1988 Paul Ereng, kijana wa Kiturkana, alitwaa nishani ya dhahabu ya mita 800 katika Michezo ya Olimpiki mjini Seoul. Mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilipoingia uwanjani Rio de Janeiro, wanamichezo watano kati ya kumi walikuwa wametoka Kakuma, na aliyebeba bendera mbele yao alikuwa binti wa Kakuma, Rose Nathike Lokonyen. Kwa hiyo kijana wa huku anayeamka alfajiri kukimbia mchangani hakimbii peke yake. Hukimbia na tamaa ya baba, dua za mama na karo ya wadogo zake. Akifa usiku mmoja barabarani, haifi nafsi moja tu. Huzimika taa ya nyumba nzima.

Na barabara zetu zinaua. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka katika ajali za barabarani. Nicholas Bett, bingwa wa dunia wa mwaka 2015 wa mbio za mita 400 kuruka viunzi, alifariki katika ajali ya gari huko Nandi mwezi Agosti 2018. Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35 mjini Chicago, alifariki usiku wa tarehe 11 Februari 2024 karibu na Kaptagat, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana. Alikuwa na umri wa miaka 24. Tunawataja hawa ili ifahamike kuwa barabara haiheshimu nishani. Hatuwahusishi na kileo hata chembe, na ni haramu kumzulia maiti.

Lakini yuko mkimbiaji mwingine, wa Marekani, ambaye habari yake inatugusa katika jambo hili hasa. Jina lake ni Steve Prefontaine. Jioni ya tarehe 29 Mei 1975 alishinda mbio za mita 5,000 mjini Eugene, mbele ya watu waliompenda kama mwana wao. Baadaye palikuwa na karamu. Baada ya saa sita usiku alimfikisha rafiki yake, mwanariadha Frank Shorter, mahali alipokuwa akilala, kisha akaendelea peke yake. Gari likagonga ukuta wa mwamba, likapinduka na kumlalia. Naye pia alikuwa na umri wa miaka 24. Polisi walieleza kwamba damu yake ilikuwa na kileo cha asilimia 0.16, yaani mara mbili ya 0.08 ambayo nchi nyingi leo huiweka kuwa mpaka. Wapo waliokibisha kipimo hicho kwa mapenzi. Hadi leo wakimbiaji huenda kwenye mwamba ule na kuacha viatu na nishani zao. Swali letu ni hili: pamoja na viatu, je, wanaondoka na ibra?

Swali hilo linatuhusu sisi kuliko wanavyohusika watu wa Eugene. Kijana anapofariki katika hali kama hiyo, matangani husikika maneno mawili. La kwanza: "Siku yake ilifika." La pili: "Tumsitiri marehemu." Maneno yote mawili ni ya haki, na mara nyingi tunayatumia kufungia mlango wa mafunzo.

Tuanze na kadari. Kuiamini ni nguzo ya imani yetu. Hata hivyo, Mtume Muhammad (s.a.w.) alipoulizwa na bedui kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Mfugaji wa Turkana hahitaji kufasiriwa hadithi hii. Anajua kwamba ngamia asiyefungwa huenda zake, na mwenyewe hulala njaa. Basi ni vipi tumfunge ngamia, kisha funguo za gari au pikipiki tumwachie aliyelewa na tuseme ni kadari? Kadari hutufariji baada ya msiba. Hairuhusiwi kuwa udhuru wa uzembe kabla yake.

Ama sitara, nayo ina mipaka yake. Katika Sahihi Bukhari imepokewa habari ya sahaba aliyeletwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya ulevi. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, na akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Tutazame uzito wa mafunzo hayo. Adhabu haikuondolewa, wala ulevi haukuitwa jina jingine. Lakini mlango wa rehema haukufungwa usoni mwa mkosaji. Hiyo ndiyo mizani yetu. Marehemu Muislamu huoshwa, huswaliwa na huombewa maghufira, na aibu zake hazitangazwi sokoni. Lakini ndani ya nyumba, mbele ya ndugu zake na rafiki zake waliobaki, sababu itajwe kwa upole na kwa ukweli. Kumsitiri maiti si kuificha hatari inayowangojea walio hai.

Wazazi wenzetu, tufahamu pia kwamba mlevi anaposhika usukani anaongeza dhambi ya pili juu ya ya kwanza. Kunywa ni maasi baina yake na Mola wake, na mlango wa toba uko wazi. Kuendesha hali amelewa ni kuziingilia haki za watu: abiria wa bodaboda aliyemwamini, mama anayerudi na kuni, mtoto anayevusha mbuzi. Akiua kwa kukosea, sheria yetu inamdai diya kwa wenye maiti na kafara ambayo leo ni kufunga miezi miwili mfululizo. Sheria ya Kenya nayo inaweza kumfunga hadi miaka 10 anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Na hakuna diya wala kifungo kinachomrudisha mtoto wa mtu.

Vijana wanamichezo wana udanganyifu wao maalumu. Huona kwamba mwili wenye nguvu unakihimili kileo. Sivyo. Ini hufanya kazi yake polepole, takriban kinywaji kimoja kwa saa, na mazoezi ya mwaka mzima hayaliharakishi. Kahawa haikiondoi kileo, maji baridi kichwani hayakiondoi. Hukiondoa muda peke yake. Na kileo huanza kwa kuondoa kile hasa ambacho dereva anakihitaji, nacho ni uwezo wa kujijua kwamba amelewa. Ongeza juu yake lami nzuri ya barabara ya Lodwar hadi Kakuma inayoita mwendo wa kasi, giza lisilo na taa, na ngamia wanaovuka bila hodi.

Basi nyumba ifanye nini? Tunasema neno ambalo huenda likawa zito kwa baadhi ya wasomaji. Kila mzazi amwambie mwanawe, mchana na akiwa na akili zake: "Pombe ni haramu, na sitakuhalalishia. Lakini ikitokea umeteleza, au dereva wako ameteleza, usipande. Nipigie simu saa yoyote. Nitakuja, au nitamtuma mjomba wako. Usiku huo sitakugombeza. Tutazungumza asubuhi."

Ataulizwa mzazi: je, hiyo si kumpa mtoto ruhusa? La. Wanazuoni wametufundisha kwamba madhara mawili yakikutana, huepukwa lililo kubwa kwa kulivumilia lililo dogo. Kijana anayeogopa bakora ya baba kuliko anavyoogopa barabara atapanda pikipiki ile ili awahi kuingia kabla hajajulikana. Hofu yetu wenyewe ndiyo itakayokuwa imempandisha. Wafasiri wa Kurani wanasimulia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipopata habari ya mtu wa Sham aliyezama katika ulevi, alimwandikia barua ya kumkumbusha rehema na adhabu ya Mola wake, akawaomba maswahaba wamwombee, na mtu yule akatubia. Kisha akawausia waliokuwepo wasiwe wasaidizi wa shetani juu ya ndugu yao. Simu inayopokelewa usiku ni barua ya namna hiyo.

Na asubuhi ikifika, mazungumzo yafanyike kweli. Mzazi asinyamaze kwa kuona hatari imepita, wala asitukane. Aulize: ulikuwa na nani, kilichokuvuta ni nini, kesho utafanyaje? Dada mkubwa na shangazi wana nafasi kubwa hapa, maana kijana huwaeleza wao asichoweza kumweleza baba. Makocha nao wasifundishe miguu tu wakaacha nafsi. Ushindi una sherehe zake, na sherehe ndipo mitego ilipo. Na abiria yeyote, mke au binti, ajue ana haki ya kushuka. Aibu ya kushuka njiani ni ndogo kuliko sanda.

Tusidhani kwamba aliyeanguka haamki. Henry Rono wa Nandi aliweka rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka 1978. Kisha pombe ikamnyang'anya karibu kila kitu, hata akawa hana makazi nchini Marekani. Lakini alipewa muda, nao akautumia: aliacha pombe, akafundisha, na akaandika habari za maisha yake bila kuficha anguko lake. Alifariki tarehe 15 Februari 2024 akiwa na miaka 72, siku nne tu baada ya Kiptum. Tofauti ya Rono na Prefontaine haikuwa kipaji. Mmoja alipata asubuhi ya kujifunza, na mwingine hakuipata. Kazi ya familia ni kumfikisha mkosaji asubuhi.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, mwiteni kijana wenu mumpe ahadi hiyo, na simu isizimwe. Mkiwa na jirani aliyefiwa kwa msiba wa namna hii, mwendeeni, mkaeni naye, msimuulize yasiyowahusu. Na siku atakapokuwa na nguvu ya kuwaambia vijana wengine yaliyompata mwanawe, msimkate kauli kwa kumwambia asitiri. Huenda neno lake likawa sadaka yenye kuendelea kwa ajili ya marehemu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliofiwa, na awarejeshe watoto wetu nyumbani salama, Lodwar, Kakuma na pwani yote. Amin. Wabillahi tawfiq.